Vidole vya Mdogo Wako

Wodi ya Upasuaji,
Kitanda cha dirishani.
Jumanne, asubuhi.

Mpendwa wifi,

Nakusalimu kwa moyo mzito. Miguu yako inaendeleaje? Uvimbe umepungua? Mimi na Kidoti tu wazima. Jino la kwanza limechomoza na usingizi ameukataa.

Mdogo wako ndiye asiye mzima. Simu yako haipatikani tangu juzi, kwa hiyo nimemwomba dereva wa lori la saruji akupe barua hii mkononi.

Kazi yake ya maabara unaijua. Wanatumbukiza vipande vya silikoni, vyembamba kama ganda la yai, kwenye tindikali na kupitisha umeme, mpaka vinakuwa na vitundu kama sponji, vidogo hata jicho halivioni. Ukivimulika kwa tochi ya mwanga wa zambarau, kitu kilichokuwa kijivu kinawaka chekundu kama kaa. Shida yao ilikuwa kukausha. Vilipasukapasuka kama tope juani.

Wiki iliyopita kimoja kikakauka kizima. Desturi yao, kikitoka kizuri, wanazima taa zote na kuitana watazame. Kwa furaha akavua glavu humo gizani ili ashike vizuri kibanio cha kukinyanyulia. Kumbe mpini wake ulikuwa bado na tindikali.

Tindikali ile haina kelele, wifi. Haikumuuma. Alirudi nyumbani akala, akatuchekesha. Asubuhi vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vyeupe, baadaye vikawa vyeusi, na mwanamume mzima anauma shuka. Wamempaka dawa, wamemchoma sindano, lakini imeshafika mfupani. Daktari anataka kuvikata kesho, la sivyo mkono wote utakwenda.

Mdogo wako hataki kusaini.

"Mama Kidoti, bila vidole hivi nitashika nini?" Ndilo neno lake. Wenzake walimletea kile kipande kwenye kisanduku. Anakimulika kwa mkono wa kushoto, ananiambia, "Unaona? Kimewaka baada ya kuliwa na tindikali."

Nikamwambia, "Wewe si silikoni, baba. Wewe ukiliwa unaisha."

Akacheka kidogo, akageukia ukutani.

Nimembembeleza, nimemfokea, nimelia mbele ya wagonjwa wenzake bila haya. Muuguzi anasema hajaona mbishi kama huyu, hata kitasa kibovu kina nafuu. Maji yamenifika shingoni, wifi. Nikimtazama usingizini naona ule weusi unapanda, na sina la kufanya.

Wewe ndiye uliyemlea. Ukisema kaa, anakaa mpaka leo. Dereva anarudi huku jioni, panda naye. Kama miguu imekataa, rekodi sauti yako kwenye simu ya dereva, nitamwekea mdogo wako sikioni. Usimbembeleze. Mwambie mwanawe hajui kuhesabu vidole. Anachojua ni mkono unaomnyanyua.

Nisalimie baba mkwe, ila usimweleze yote, presha yake itapanda. Msalimie shangazi na watoto wako, kila mmoja kwa zamu yake. Mungu akutilie nguvu kwenye hiyo miguu, na maneno mdomoni.

Ile karatasi ya kusaini iko chini ya mto wake. Kalamu ninayo mimi.

Ni mimi wifi yako akupendaye, macho mlangoni,

Mama Kidoti