Mama, Nani Aliwapa Maneno Yako?

Mama,

Nimekaa kwenye meza yako ya kulia, madaftari ya wanafunzi nimeyasukuma pembeni. Nilikuwa nimesema sitakuandikia. Mtu akishazikwa, tunamwombea, hatumwulizi maswali. Lakini mi nina maswali, na wa kuyajibu ni wewe peke yako.

Kwanza habari za nyumbani, kwa sababu ungeanza kuziuliza. Ni miezi saba sasa. Bati la jikoni tumelibadilisha. Yule jirani wa upande wa kushoto amehama bila kuaga. Duka la Bi Salma lipo palepale kona ya Nyakabiga, na televisheni yake ipo palepale chumba cha nyuma. Kiti chako hakikukaa wazi hata wiki mbili. Aliweka juu yake kreti za fanta, akasema, "Mama yako angenigombeza, kiti kikae bure kama mubwana!" Nilicheka, halafu nikaenda kulia nyuma ya magunia ya mchele.

Na ule mchezo wetu wa televisheni wa Jumapili uliendelea. *Chumba cha Mashine*. Uliondoka wakati tumeona sehemu nne tu. Unakumbuka jinsi ulivyokuwa ukiwasumbua waigizaji? Wale wasichana kumi na wawili wakikaa kwa safu, kila mmoja na mashine yake ya kuandikia, na wewe unajipiga paja: "Apana! Daktilo haangalii vidole! Huyo wangemufukuza asubuhi." Sisi tuliangalia mchezo, wewe ulikuwa ukikagua kazi. Ulikuwa daktilo, mpiga mashine, miaka mingi kwenye ile kampuni ya pamba kule Rohero, kwa hiyo tulikuachia useme.

Ulipokufa nilidhani sitauangalia tena. Lakini Bi Salma alikuja kunichukua mwenyewe. Tukabaki watatu: yeye, Mzee Fidèle wa posta, na mimi. Tulikunywa chai, tukabishana. Ilinisaidia, sikufichi.

Hadi sehemu ya tisa.

Imelda, yule daktilo mwembamba unayempenda, alikuwa akimwuliza mwenzake ni nani aliyeita mkutano wa wafanyakazi. Mwenzake akanyamaza. Imelda akamwambia, "Usinipigie nafasi tupu."

Mama, nilimwaga chai.

Maneno hayo ni ya nyumba hii. Sijawahi kuyasikia kwa mtu mwingine Bujumbura nzima. Nilipokuwa mdogo, ukiniuliza nimetoka wapi nami nikakaa kimya, ulikuwa ukisema hivyo hivyo, kwa sauti ile ile. Usinipigie nafasi tupu. Nilimtazama Bi Salma, akawa anamenya karanga. Nilimtazama Mzee Fidèle, akawa anaandika kitu kwenye kijidaftari chake.

Jumapili iliyofuata Imelda aliweka karafuu chini ya ulimi kabla ya kuingia kwa direkta, mkubwa wa ofisi. Kama wewe. Iliyofuata, akavua viatu chini ya meza na kuvipanga kisigino kwa kisigino. Kama wewe! Wenzangu wanacheka, wanabishana nani ataolewa na nani, mi nimekodolea macho viatu vile.

Nikaacha kuangalia mchezo. Nikawa naangalia watu.

Bi Salma ana mtoto wa dada yake anayefanya kazi ya taa na nyaya kwenye michezo ya televisheni. Alishatuambia mwenyewe, kwa kujisifu. Na wewe ulikuwa ukimwambia Bi Salma kila kitu. Mlikaa kwenye ule mlango wa duka miaka ishirini. Na yule mzee? Kwa nini aandike? Nani anaandika wakati wa mchezo? Nilimwuliza siku moja, kwa utani, "Mzee, unaandika ripoti?" Akafunika daftari kwa kiganja. "Mambo ya nyumbani," akasema. Usiku ule sikumwamini hata kidogo.

Nikatega mtego. Usinicheke. Bi Salma nilimwambia kwamba zamani ulikuwa ukificha mkate kwenye kifuniko cha mashine. Uongo mtupu. Mzee Fidèle nikamwambia kwamba direkta wako alikuwa na kasuku ofisini. Nikangoja nione kipi kitatokea: mkate au kasuku. Jumapili mbili, hakuna mkate, hakuna kasuku. Ni Mzee Fidèle mwenyewe aliyenifumbua macho bila kujua. Alisema, "Hawa walishamaliza kupiga picha za mchezo wote kitambo, kabla hata haujaanza kuonyeshwa." Mwalimu mzima, sikuwa nimewaza hilo. Aliyewapa maneno yako aliwapa ukiwa hai.

Hapo nikaenda kwa Bi Salma asubuhi, duka halina mtu. Sikuzunguka. Nilimwambia, "Bi Salma, umemuuza mama yangu."

Aliweka mzani chini. Polepole, Mama, kama mtu anayeweka yai.

"Mi?"

"Nani mwingine? Karafuu, viatu, hata namna yake ya kusema!"

"We mutoto," akasema, "mi ndo nilikuwa nashika mukono ya mama yako siku ile alikata roho, we ukiwa bado njiani. Wallahi, hakuna neno lake lilitoka ndani ya kinywa hiki. Na mi pia niliona karafuu. Mi pia niliona viatu. Nilikuwa nafikiri ni wewe."

Alikuwa akinishuku mimi! Wiki zote zile, kila mmoja anamwangalia mwenzake juu ya kikombe. Nikamwuliza, na Mzee Fidèle je? Akatikisa kichwa. "Mukewe hawezi tena kutoka kitandani. Anaandika ili aende amuhadisie. Mji mzima inajua, isipokuwa we."

Nilimwomba radhi. Alinipa, lakini hakunipa chai. Na siku ile aliniambia jambo moja lingine, akiwa amegeukia rafu za sabuni: "Kawaulize wenyewe wa mchezo, ofisi yao iko Rohero. Lakini ukienda, usiende na hasira. Mutu hajui atakuta nini."

Nilienda na hasira.

Ofisi yao ni vyumba viwili juu ya duka la vitambaa. Aliyeandika mchezo ni mwanamke wa umri wangu, miwani mikubwa, sauti ndogo. Nilipotaja jina lako alisimama. Nilikuwa nimepanga kumtisha kwa mwanasheria ambaye sina. Akanikatiza: "We ni binti yake. Pole sana. Nilijua utakuja, sikujua lini."

Akanionyesha karatasi. Mwandiko ni wako, ile herufi ya mwanzo unayoizungusha mara mbili. *Nakubali. Lakini badilisheni majina.*

Mama. Zile Alhamisi. Ulisema unakwenda Kamenge kupima sukari. Nilikuwa nakupa mwavuli, nakuombea usikae muda mrefu kwenye foleni. Na wewe ulikuwa ukishuka Rohero, unapanda ngazi zile na magoti yale, unakaa na mtu usiyemjua, unamhadithia maisha yako. Mwaka mzima! Ulikuwa ukirudi na kuniambia hata namba ya sukari. Namba hizo ulizitoa wapi?

Akaniuliza kama nataka kusikia sauti yako, aliyokuwa ameirekodi kwenye simu yake. Nilisema sitaki. Halafu nikasema nataka.

Ulianza kwa kucheka. Sikuwa nimejiandaa kwa kicheko. Ukaomba maji. Kisha ukasema ile habari, na nitaiandika hapa ili ujue kwamba ninayo yote, hujanificha kitu tena.

Direkta alikupa orodha ya wafanyakazi watakaofukuzwa, upige nakala mbili. Ukapiga tatu. Ya tatu ukaipeleka kwa watu wa ghalani, wajue mapema. Hilo lilikuwa jambo jema, na najua kwa nini ulilifanya. Kesho yake direkta akaingia chumbani kupekua, droo moja baada ya nyingine. Wewe ulikuwa bado na ile karatasi ya kaboni, na kaboni ikishapigwa inabaki na maneno yote. "Nilisikia viatu vyake," ulisema. "Nikafungua droo ile ilikuwa karibu. Haikuwa yangu." Ilikuwa ya Anastasie, aliyekaa mkono wako wa kulia. Alifukuzwa siku ile ile, kabla ya saa sita. Wewe ukaendelea kupiga mashine.

"Nilikuwa na mutoto wa miezi mine," ulisema.

Mtoto huyo ni mimi, Mama. Kwa hiyo nimo ndani ya jambo hili, na hakuna aliyeniuliza.

Na mwisho wa rekodi ukamwambia yule mwandishi, "Binti yangu asijue ningali hai. Ananiheshimu sana." Nilitaka kuitupa ile simu dirishani. Badala yake nilimwomba anitumie sauti yote kwenye simu yangu, akanitumia.

Jumapili ilikuwa sehemu ya mwisho. Bi Salma alikuwa ameondoa kreti za fanta, bila kusema neno. Nilikaa kwenye kiti chako. Tukaona Imelda anasikia viatu, anafungua droo. Walikuigiza vizuri, hata namna unavyofunga droo kwa nyonga.

Basi mabishano yakaanza.

"Mchawi!" Bi Salma akasema. "Mwenzake alikuwa akimugawia hata chakula!"

"Aliogopa," Mzee Fidèle akasema, kalamu hewani. "Mutu akiogopa mukono unatembea peke yake."

"Mukono, sawa. Lakini kinywa? Alikuwa na siku zote zilizobaki za kusema, 'Ni mimi.' Angesema hata kesho yake. Hata mwaka kesho."

"Alikuwa na mutoto."

"Na mwingine hakuwa na watoto?"

Mzee Fidèle akafunga kijidaftari chake. Kisha wote wawili wakanigeukia. "Na we, mwalimu? Unamuhukumu vipi?"

Nilisema nina kichwa kinaniuma. Bi Salma akanitazama muda mrefu. Nadhani alielewa pale pale, kwa sababu alizima televisheni kabla ya majina ya waigizaji kuisha, na hakurudia tena lile neno mchawi. Sijamwuliza kama wewe ulimwambia. Sitaki kuanza tena kushuku watu wa chai.

Ninayemshuku sasa ni wewe. Nisamehe, lakini ndivyo ilivyo. Kila jambo uliloniambia nalipindua kuona mgongo wake. Nakumbuka siku moja kwenye soko kuu, lile la zamani, kabla halijaungua. Nilikuwa na miaka saba au minane. Umenishika mkono, tunanunua ndagala, vile visamaki vya ziwani, ghafla ukanivuta hadi kiatu kikanitoka. Ukasema umesahau chumvi, turudi. Nyumbani chumvi ilikuwepo, Mama. Niliiona. Ulikuwa umemwona nani?

Jumatano nilipanda basi la Kamenge. Jina la Anastasie na la mtaa wake niliyapata kwenye sauti yako, na nyumba nilielekezwa na wanakwaya wa parokia. Anastasie anaishi na binti yake, anauza mafuta ya mawese pale mlangoni. Ni mfupi kuliko nilivyofikiri. Nilijitambulisha. Akafuta mikono, akaniletea kigoda.

"Uliona mchezo?" nikamwuliza.

"Niliona. Walimupa musichana mzuri kupita mi aniigize." Hakucheka.

Nikaanza kueleza. Akanizuia. "Mwana wanje, mwanangu, mi nilijua siku ile ile. Walinionyesha kaboni. Mama yako alikuwa akipiga *a* kwa nguvu mpaka inatoboa. Niliangalia tu zile tundu. Nikasema kwa direkta, 'Hii si kazi yangu.' Akaniambia niache kusingizia wenzangu."

"Ulimwambia mama?"

"Nilikuwa namungoja. Nilikuwa nasema atakuja. Mara mbili nilimuona sokoni, akageuza njia. Mara ya pili alikuwa na mutoto wa kike, mutoto akapoteza kiatu. Nilikiokota. Nilikaa nacho siku nyingi, nikifikiri atarudi kukitafuta."

Sikumwambia mtoto yule ni nani. Alijua. Aliangalia miguu yangu.

Nilitaka anitukane, ingekuwa rahisi zaidi. Yeye akaniuliza kama ulikufa kwa maumivu. Nikasema ndiyo. Akauliza, "Mingi?" Nikasema mengi, siku kumi na moja. Uso wake haukuniambia kama amehuzunika au ameridhika, na hata sasa sijui. Labda vyote viwili. Nilijifunza siku ile kwamba si kila mtu nitamsoma, na kwamba mwanamke yule hana deni la kunifurahisha.

Nilipoaga, aliniuliza kama ni kweli ipo sauti. Nikamwambia ipo, kwenye simu hii.

"Anataja jina langu?"

"Anataja."

"Jina lenyewe? Si lile la kwenye mchezo?"

"Lenyewe."

Akashika fremu ya mlango. "Siwezi leo," akasema. "Rudi Jumamosi."

Kwa hiyo Mama, nakuaga hapa, nikavae viatu. Leo ni Jumamosi. Bado nakupenda, nimejaribu kuacha, nimeshindwa. Lakini sitakwenda kukuombea msamaha, maana huo ulitakiwa uuombe wewe, kwa miguu yako, wakati ilikuwa bado inatembea. Nakuahidi jambo moja tu. Nitaiweka simu katikati yetu na kukuacha useme mpaka mwisho. Akilia sitaizima. Akikutukana sitakutetea. Na akitaka kusikia jina lake mara ya pili, nitarudisha nyuma, nikuache ulitaje tena.

Pumzika, kama unaweza.

Binti yako,
Yvonne