Kiuno cha Mama Mkwe

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Mtihani wa vitendo wa kukanda mwili unakuja na mikono yangu bado ni ya jembe. Leo darasani nimemkanda Filipo bega, akapiga kelele mpaka mwalimu wetu, Madam Dilnaz, akaja mbio. Akasema huyo ni mtu, Nikodemo, siyo unga wa chapati! Darasa zima likaangua kicheko. Nami nikacheka, ila iliniuma. Mama yake Ruthu, mchumba wangu, alishatamka: harusi baada ya cheti. Nikifeli sina kazi, sina mke.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimefanya mazoezi kwa Sila, ninayepanga naye chumba hapa Chang'ombe. Punde tu akakoroma! Madam anasema mteja akisinzia ujue mkono umekubali. Sila anadai alikuwa amechoka tu. Mshenzi.

Mama mwenye nyumba alichungulia, akaona mtu kalala kifudifudi anang'aa mafuta. Jioni kaja kuniuliza kama natoa majini.

Jumamosi, 13 Septemba

Tumeambiwa utaratibu. Kila mwanafunzi alete mtu mwenye maumivu ya kweli, halafu tunabadilishana — wako anakandwa na mwenzio. Madam anasema ndivyo wanavyofanya miaka yote.

Sila hafai. Hana maumivu, ana uvivu. Ruthu akasema si aje Mama, kiuno kinamtesa tangu mavuno! Nikapaliwa na chai. Kwetu Wagogo mkwe unamwamkia kwa mbali, macho chini, hata mkono humpi. Sembuse kiuno! Ruthu akanicheka: kwani atakandwa na wewe? Si na mwenzio?

Kweli kabisa. Huyu binti ana akili mpaka zinanitisha.

Ijumaa, 19 Septemba

Mama mkwe kakubali! Atatoka Mvumi Jumanne, alale kwa dada yake. Kauliza jambo moja tu: je, Nikodemo atakuwemo humo chumbani? Nikamwambia Ruthu amjibu hapana, haki ya Mungu, hatanisikia hata nikikohoa. Nimeshapanga na Filipo amchukue yeye. Nimemnunulia soda ili awe mpole.

Jumatano, 24 Septemba

Niko kwenye benchi, nje ya chumba cha mtihani. Balaa!

Msimamizi ni mgeni, Bwana Khalidi, miwani puani. Kafuta kubadilishana. Eti kumkanda mtu usiyejua maumivu yake yalianzia wapi ni kubahatisha — kila mmoja amhudumie aliyemleta. Kila mmoja! Na Mama yumo ndani, kalala kitandani, kafunikwa taulo.

Nilimkimbilia Madam. Akaziba mdomo kwa kiganja. Nikadhani ananihurumia, kumbe anacheka! Akasema sheria si yake: niingie, au nijitoe nisubiri mwakani. Mwakani! Ruthu nimempigia, kalia kwanza, halafu kacheka, halafu kalia tena. Akasema ukimshika Mama, wajomba wakisikia, posa imekwisha. Usipomshika, cheti hakuna. Akasema niamue mwenyewe. Asante sana, mpenzi.

Basi Madam akaingia kumweleza Mama. Nilitaka ardhi inimeze. Alipotoka alikuwa amefuta kicheko. Mama kaomba afunikwe kichwa kwa kanga. Kasema kijana aje akande, mambo mengine asijali, kwa sababu yeye hayupo.

Hayupo! Nampenda huyu mama. Nimetokwa na machozi hapa hapa, mbele ya Filipo.

Lakini Bwana Khalidi naye kakazana. Kabla ya kugusa ni lazima kumwamkia mteja, kumuuliza panauma wapi, kusubiri jibu. Bila jibu, hugusi. Ukigusa, umefeli. Sasa nitamuuliza nani, na mama hayupo? Akinijibu, basi yupo! Madam kajaribu kumweleza mambo ya mkwe. Akasema yeye anapima mikono, siyo ukoo.

Kalamu inateleza, nimeshajipaka mafuta. Nimenawa, nimejipaka tena.

Mlango umefunguliwa. Jina langu. Kutoka hapa naona kitanda, naona kanga imefunika kichwa chote, hakuna sauti. Na mkono mmoja umechomoza polepole chini ya taulo, kidole kinaonyesha kiuno, upande wa kushoto, kinagonga hapo mara mbili. Bwana Khalidi hajauona, anasoma karatasi zake. Ananiita tena na mimi bado naandika; naingia, nitauliza kwa sauti ili naye aone kidole kikijibu.