Magoti ya Kila Mwaka

Mama yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta salama na mgongo umekupa nafasi ya kulala. Mimi ni mzima, ila nina hasira, na hasira yenyewe ina afya kunishinda.

Bora usikie kwangu kabla hujasikia kwa yule dobi mwenzangu, maana unamjua, mdomo wake hauna mlango.

Juzi hoteli ilifanya sherehe yake ya kukumbuka mwisho wa utumwa. Ni vile vile kama enzi zako za kufua hapa: mfanyakazi mmoja mweusi wa kufulia avalishwe gunia na mnyororo, apige magoti mbele ya wageni, meneja amfungue, naye ashukuru. Mwaka huu meneja akanichagua mimi. Akasema nina rangi inayofaa. Rangi hii hii ndiyo iliyoninyima kazi ya mapokezi, alipodai kwamba wageni hawajaizoea! Sasa akanidokeza kuwa nikiigiza vizuri, ataliangalia upya ombi langu.

Nilikubali, Mama. Usishtuke.

Ukumbi ukajaa, na vitambaa vya meza nilikuwa nimevipiga pasi mwenyewe. Meneja akaja na ufunguo. Sikupiga magoti. Akaninong'oneza nishuke, nikajitia uziwi. Kufuli lilikuwa miguuni, kwa hiyo ilibidi ainame yeye, na tumbo lile, akihema. Kisha akanisogezea kipaza sauti nishukuru. Nikawaambia wageni kwamba mababu zetu hawakuachiwa kwa hisani ya mtu. Walitoroka, walipigana, walidai, na sisi bado tunadai, kwani pale mapokezi hakuna hata mmoja wetu. Wahudumu wakapiga makofi. Baadhi ya wageni wakafuata, wengine wakazikodolea macho sahani zao.

Meneja ameniambia niombe radhi mbele ya wote au nisirudi. Nimemjibu kwamba atasubiri mpaka kuku aote meno.

Sasa lile ninaloogopa kukuambia. Nilikosea kusema mapokezi hakuna hata mmoja wetu. Yupo mmoja, ukutani: wewe, Mama, kwenye picha ndani ya fremu, umepiga magoti, meneja wa zamani amekusimamia na ufunguo. Hukuwahi kutuambia. Sikulaumu hata kidogo. Ulikuwa na vinywa vya kulisha. Lakini siku ile nilipotoka niliishusha, nikaitia kwapani, nikapita mlango wa mbele. Mlinzi akaniuliza ninaiba nini. Nikamwambia mtu hamwibi mama yake.

Wape salamu dada na watoto wake. Majirani wakiuliza, waambie sina kazi, na sijainama.

Ni mimi mwanao,
Mbishi wako