Udongo wa Mama

Jumamosi, Same

Kompyuta hii kuukuu ningeitupa korongoni. Leo wamemzika kaka huko Ujerumani, na sisi tunaangalia mtandaoni, video ikaganda kwenye uso wa mchungaji.

Nilifunga kurasa nyingine zote, nikapunguza ubora wa picha. Wapi! Mama alikaa karibu na kioo cha kompyuta, kiganjani ana udongo wa shambani kwetu mlimani, autupe wenzake kule wakitupa wa kwao kaburini.

“Wameanza kufukia?”

“Bado, mama.” Ningejuaje?

Nikaizima brauza, nikaiwasha upya. Picha iliporudi, safi kabisa, kaburi lilishafukiwa, watu wanaweka mashada.

Mama hakulia. Alinyoosha mkono, akaumimina udongo taratibu juu ya kibodi.

“Pumzika, mwanangu.”

Mpaka sasa sijaupangusa.