Makao Mapya ya Sarafu za Baba

Dada mpenzi,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba sarafu za Baba zimepata makao ya kudumu: rafu ya juu ya kabati la nguo, mbali na jiko na mbali na bomba linalovuja. Nimefuata maagizo yako yote. Kila moja ina kikasha chake, hakuna iliyosuguliwa, na hazishikwi bila glavu. Mama anasema hata sisi watoto hatukulelewa hivyo.

Jumapili nilimkuta Baba kazitoa zote, anazipapasa kwa vidole vitupu.

"Baba, dada kasema jasho linazitafuna."

"Mwambie dada yako jasho ndilo lililozinunua. Hebu nipe ile yenye tundu."

Ilikuwa mbele yake pale pale, mezani, juani.

Nikamwekea mkononi. Akapitisha kidole ukingoni, akataja mwaka wake huku anatazama ukuta. Mwezi ujao nampeleka kwa daktari wa macho. Amekubali kwa sharti kwamba wewe usiambiwe.

Sarafu sasa zinakaa kwenye bakuli, kando ya kiti chake.

Mdogo wako