Baba Amejihesabu wa Kumi

Mwenzangu, baba amekataa kupasuliwa jicho. Ameshuka kitandani na gauni la hospitali, mgongo wazi.

Daktari alisema tu kwamba katika watu kumi, mmoja hupata matatizo. Baba akamuuliza, "Leo umeshapasua wangapi?" Daktari akajibu kwa fahari, "Tisa, mzee wangu, wote salama."

Wote salama! Si ndipo akavaa viatu. "Basi wa kumi ni mimi."

Daktari kamweleza weee, jicho lako halijui yaliyowapata wenzako, kila mtu anaanza upya. Wapi! Fundi cherehani mzima, tundu la sindano halioni tena, lakini hesabu hiyo kaiona.

Sasa amekaa nje kwenye benchi. Kanituma nisimame mlangoni pa chumba cha upasuaji niangalie mama mmoja aliyepewa nafasi yake atatokaje. Huyo akipata matatizo, baba ataingia.

Nimesimama tu.

Yule mama ametoka sasa hivi. Jicho lina bandeji, anataniana na binti yake. Nesi anasema hakuna tatizo lolote.

Na mimi, ninayejua kabisa hesabu ya baba ni upuuzi, nimesikitika kumwona mzima.