Nilivyomchongea Chiriku Mbele ya Jopo

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa kituoni, chumba cha upelelezi, Jumatano tarehe 19, kuanzia saa tatu asubuhi.
Shahidi: Mama Pasi, ndivyo anavyoitwa kazini na mtaani
Umri: miaka 54
Kazi: dobi wa hospitali
Makazi: vyumba viwili vya uani, nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma

Mimi ni dobi. Nafua na kupiga pasi mashuka ya wodi, kazi niliyoianza mwaka aliofariki mume wangu. Nimeonywa kwamba nikisema uongo humu nitashitakiwa. Nimeelewa, afande. Kwa uongo niliokwisha kuusema mahali pengine, onyo hilo nimelistahili.

Binti mliyemweka ndani nimemlea miaka kumi na mmoja. Ofisi ya ustawi wa jamii ilimleta kwangu akiwa na miaka saba, na mimi sikujaliwa mtoto. Tulimpa jina la Chiriku kwa sababu ya domo lake. Alikuwa akisema akila, akisema akioga, na hata usingizini alikuwa akibishana na watu. Sasa ana miaka kumi na minane na yuko mwaka wa kwanza chuo cha ufundi, anasomea ufundi bomba. Darasani kwao wasichana ni wawili tu.

Mtoto akitimiza miaka kumi na minane, ofisi inafunga mkono. Posho ya malezi inakoma siku hiyo hiyo, kana kwamba mtoto ameota mabawa usiku. Lakini ipo nyumba ya vijana, chumba cha peke yako pamoja na posho mpaka umalize chuo, kwa wale ambao hawana pa kwenda. Vyumba ni vichache na jopo ndilo linaloamua. Mlezi huitwa akaulizwa kama bado anamtaka kijana wake. Ukisema unamtaka wanakupongeza, wanakushika mkono, na chumba anapewa mwingine.

Hapo ndipo ulipoanzia ujanja wetu sisi walezi. Tunauita kukaza uso. Mlezi huingia kwanza peke yake, anasema kijana amemshinda na hamtaki tena, kisha kijana huitwa baadaye kuulizwa mambo ya chuo. Mke wa fundi viatu, ambaye amelea watatu, ndiye aliyenifunda. Aliniambia nisipeleke mapenzi yangu kule ofisini, maana yeye mtoto wake wa kwanza alimlilia mbele ya jopo, wakamwambia mama mwenye moyo kama huo hawezi kumtupa mtoto. Binti yake akakosa chumba, akawa anahamahama kwa marafiki mpaka akaacha masomo.

Chiriku sikumwambia kitu. Hana kifua cha siri, na akidanganya hucheka. Nilipanga nimweleze tukishatoka, tucheke wote wawili njia nzima.

Chumba kile nilikuwa nakihitaji kweli. Mama yangu mzazi alipooza upande mmoja mwaka jana, nikamlaza kwenye kitanda cha Chiriku. Tangu hapo binti alikuwa akilala sebuleni, kati ya meza na jokofu, na kusoma alikuwa akisomea hapo hapo, miguu imeingia chini ya meza. Hakuwahi kulalamika.

Mnamo tarehe 3 ya mwezi huu, saa nne asubuhi, tulifika ofisini. Mwenyekiti wa jopo alikuwa na haraka, akasema tuingie pamoja tuokoe muda. Nilimtazama afisa wetu, yule dada anayetutembelea nyumbani, akainamisha macho. Ningeweza kusema naumwa tumbo. Ningeweza kusema lolote. Niliketi, na Chiriku akaketi kando yangu, kavaa sketi niliyompigia pasi mwenyewe asubuhi ile.

Mwenyekiti aliniuliza kama binti ana pa kuishi. Nikakaza uso. Nilisema kwangu hana nafasi tena, ni mkaidi na hasikii la mtu. Mwanamke mmoja wa jopo akawa ananitazama na kutabasamu kwa mbali, kama mtu asiyeamini. Niliogopa chumba kinaponyoka, nikatia chumvi. Nilisema hivi: "Hata vitu vyangu vya ndani vinapotea. Na nyumba nzima tuko watu watatu, mmoja hawezi kusimama."

Wakaandika. Kisha nikaongeza kwamba nimechoka naye.

Chiriku alipoulizwa kama ana neno alitikisa kichwa tu. Chumba tulipewa pale pale, ufunguo ukabidhiwe mwisho wa mwezi. Mke wa fundi viatu angekuwepo angenipigia makofi.

Njiani nilitaka kumweleza, lakini alikuwa akitembea mbele yangu na kila nikikaza mwendo naye anakaza. Nyumbani nilimkuta mama amejichafua, nikaanza kumwosha, nikajiambia nitasema tukila. Tulipokula alinipa mgongo. Nikajiambia kesho. Ukweli ni kwamba niliona aibu kuanza, afande, na kila nilivyochelewa aibu ilizidi kuwa nzito. Kesho yake nilitoka kwenda kazini yeye amelala, au amejifanya amelala. Niliporudi nguo zake hazikuwepo, na ufunguo wa nyumba alikuwa ameuacha juu ya jokofu.

Nilimpigia simu, hakupokea. Nilimfuata chuoni mara mbili, na mara zote mbili alipitia mlango wa nyuma. Walezi wenzangu waliniambia nimwache, hasira zitamwisha akishapata chumba chake. Nikawasikiliza, kwa kuwa ilinipa nafuu.

Kumbe alikuwa akilala stoo ya karakana ya chuo, juu ya mifuko ya saruji. Hilo nimelijua jana mliponiita. Nimeelezwa kwamba Jumatatu asubuhi mtunza stoo alikuta furushi la nguo zake nyuma ya matangi, na kwamba mabomba ya shaba yalikuwa yamepungua. Nimeelezwa pia kwamba ninyi mliuliza ofisi ya ustawi habari za mwenendo wake, mkajibiwa kwamba mlezi wake mwenyewe ndiye aliyesema ana mkono mwepesi. Afande, uliponisomea maneno yale kwenye simu, ukaniuliza kama nitayarudia mahakamani, nilikuwa nimeshika pasi. Nimeunguza shuka la wodi.

Jibu langu ni hili. Kwangu hakijawahi kupotea kitu, hata kijiko. Chiriku ukimtuma dukani anarudisha chenji kabla hujauliza, tena anakusimulia foleni nzima, nani alisimama wapi na nani aligombana na nani. Nilimsingizia. Mabomba aliyachukua nani sijui na siwezi kusema. Ninachojua ni kwamba maneno yangu hayafai kukaa kwenye jalada lake.

Umenieleza, afande, kwamba nikiandikisha haya, ofisi ya ustawi itapelekewa nakala, chumba kinaweza kufutwa, na mimi naweza kushitakiwa kwa kuidanganya. Ukaweka kalamu chini ili nipate kufikiri. Nimefikiri, nikakwambia uandike. Akifungwa kwa wizi chuo hakimrudishi, na chumba hakitamfaa mtu aliye jela.

Niliomba Chiriku aletwe, kwa sababu nilimpaka matope akiwa amekaa kando yangu na sikutaka kumsafisha akiwa hayupo. Aliletwa na askari wa kike, akasimama mlangoni. Amekonda, na saruji imemwingia kwenye kucha. Nilisema yote mbele yake: kwamba ulikuwa ujanja wa kumpatia chumba, na kwamba la wizi nililitunga papo hapo. Alisikiliza akitazama vidole vya miguu yake.

Kisha akauliza: "Na lile la kunichoka, nalo ulilitunga?"

Ningependa hapa pasiandikwe, lakini nimeapa kusema kweli. Nilimjibu kwamba hilo sikulitunga. Nilikuwa nimechoka. Usiku ninamgeuza mama, mchana nimesimama kwenye pasi, na siku nyingine nikisikia sauti ya Chiriku inakuja uani nilikuwa nikitamani apitilize kwa jirani, walau saa moja. Nilipaswa kumwambia yeye, jikoni, kwa upole. Nikaenda kuwaambia watu watatu nisiowajua. Nilimwambia pia kwamba tangu aondoke nyumba iko kimya na mimi bado nimechoka vile vile. Mimi ndiye niliyelia, yeye hapana.

Nilichonacho ni hiki. Nimesomewa polepole na sikutaka kupunguza wala kupamba. Niko tayari kuyasema tena mahakamani na mbele ya jopo, naye akiwepo.

Sahihi: Mama Pasi

Maelezo ya mpokeaji: Mimi, koplo wa upelelezi, nimechukua maelezo haya na kumsomea shahidi, naye amekiri kuwa ni yake. Mtuhumiwa anapewa dhamana, shahidi akiwa mdhamini wake. Kwenye fomu ya dhamana, penye uhusiano niliandika "aliyekuwa mlezi". Mtuhumiwa akaniomba nikate, niandike "mama". Penye mahali atakapoishi akiwa nje, shahidi alitaja kwake. Mtuhumiwa akasema nipaache wazi kwanza. Nimemweleza kwamba utaratibu hauruhusu kupaacha wazi. Akasema basi nisubiri. Saa saba na robo wako wawili kwenye benchi la nje, nami nasubiri.